Nilifunga difu loki ya mbele, ila aliyenifundisha kufunga ni mama mkwe

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliofunga na mnaosingizia kufunga.

Ninachoandika hapa kilinitokea mimi mwenyewe, kwa gari langu, kwenye tope la mbuga za Igunga, mbele ya mama mkwe wangu. Najua humu kuna watu kazi yao ni kuandika "chai" kabla hawajamaliza aya ya pili. Karibuni sana. Anayeona hii ni chai alete kikombe, asali ya Tabora ninayo.

Nianzie mbali kidogo ili tusipotezane.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini. Nanunua asali na nta kwa warina asali huko maporini, kwa hiyo gari langu ni Land Cruiser pick-up ya milango minne, ile mnayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa linalopanda mpaka usawa wa paa. Ni gari la kazi. Ndani linanuka nta na sijawahi kuomba radhi kwa hilo.

Ukweni kwangu ni Igunga, lakini ndani ndani. Unapita Choma, halafu unaendelea mpaka uanze kujiuliza kama ulikosea njia. Kiangazi ni barabara. Masika ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata kwenye kiatu mpaka unajikuta umerefuka.

Sasa nimweleze mama mkwe, maana bila yeye huu uzi haupo.

Kwa mila zetu, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Miaka kumi na moja ya ndoa, mama huyu hajawahi kunisemesha moja kwa moja zaidi ya "marahaba", tena akiwa ameangalia pembeni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mke wangu, na mimi nimekaa palepale. Mke wangu asipokuwepo, anamwambia paka.

"Paka, mwambie baba Neema uji unapoa."

Paka hajawahi kunifikishia ujumbe hata mmoja, lakini ujumbe huwa naupata.

Basi masika iliyopita nilikuwa nampeleka mama mkwe kwao kumsalimia kaka yake mkubwa, Mjomba Maganga. Mzee mrefu, mwembamba, muumini wa Moravian, anaimba besi kwaya mpaka madirisha yanatetemeka. Tukiwa tumebakiza kipande kidogo cha mbuga, gari likalala.

Nilikuwa na four wheel. Nilikuwa na loki ya difu ya nyuma, ilikuja na gari. Nikafunga vyote. Nikakanyaga mafuta. Tairi moja la mbele likawa linazunguka kwa furaha kwenye tope jepesi, mwenzake wa upande wa pili, aliyesimama kwenye ardhi nzuri, hatikisiki.

Kwa wasiojua, hiyo ndiyo tabia ya difu. Inagawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia, lakini ina huruma ya kijinga. Tairi likianza kuteleza, nguvu zote zinakimbilia kwake, lile lenye uwezo wa kukuvuta linakaa bure. Ukifunga loki, yote mawili yanalazimika kuzunguka pamoja. Nyuma nilikuwa nayo. Mbele sikuwa nayo.

Mama mkwe akashuka. Akavua viatu, akatembea. Kiatu kimoja kilimponyoka kikazama, na mpaka leo kiko kule.

Mjomba Maganga alipopata habari akaja na ng'ombe wanne wa kulimia, akafunga mnyororo kwenye bampa, akanitoa. Halafu mbele ya kijiji kizima akasema:

"Mkwe, ulitoa ng'ombe ukamchukua binti yetu. Leo ng'ombe wamekutoa wewe. Tumelingana."

Wakuu, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Siku hiyohiyo nikapewa jina: Mkwe wa Kuvutwa.

Jina likashika. Mashemeji wananiita hivyo kwenye simu. Mke wangu tukikwaruzana kidogo anasema, "Sawa, Mkwe wa Kuvutwa." Hata mchungaji wa kule aliwahi kuniuliza safari ilikuwaje huku anabana mdomo.

Wakati naondoka nilimwambia Mjomba, "Mzee wangu, masika ijayo naingia hapa bila kuvutwa na mtu wala mnyama."

Akanijibu, "Tutaona, mkwe. Ila ng'ombe sitawauza."

Nilimpenda yule mzee. Niseme wazi, kwa sababu utani ukizidi watu husahau kusema.

Kwa hiyo mwaka huu nikaagiza loki ya difu ya mbele, ile ya upepo. Inakuja na kompresa ndogo ya kukaa chini ya boneti, kibomba cha kupitisha upepo, na swichi ya kuweka kwenye dashibodi. Ukibonyeza, upepo unaingia ndani ya difu unasukuma, loki inakamata. Bei msiniulize, mke wangu ni member humu.

Mpango ulikuwa Pasaka niingie kule kwa mbwembwe, nipaki mbele ya mlango wa Mjomba Maganga, nizime gari, nisiseme kitu.

Kazi nikampa Fundi Kondo.

Fundi Kondo ni Mzaramo. Wale wa bara wenzangu mnajua maana yake: ni mtani wangu. Babu zetu walitaniana tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na Wazaramo wakiwapokea kule mwisho wa njia. Kazi ya kubeba iliisha, utani ukabaki.

Siku ya kwanza tu, akiwa amelala chini ya gari langu, akaanza.

"Wewe mpagazi. Babu yako alitoka hapa mpaka Bagamoyo na pembe begani, mvua, tope, simba, hakudai difu. Wewe kipande cha mbuga unataka upepo wa kompresa."

Nikamwambia, "Na babu yako alikuwa anamngoja kivulini akinywa dafu lake, ndiyo maana mpaka leo unapenda kazi ya kulala chali."

Tuliendelea hivyo siku mbili.

Mwaka huu, kama mnakumbuka, Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja. Yeye amefunga, mimi Mkatoliki nami nimefunga, angalau kwa maneno. Yeye hajanywa hata tone, yuko chini ya chuma cha moto. Mimi nimesimama pembeni na soda nimeificha nyuma ya tairi la akiba. Aliiona. Hakusema kitu mpaka jioni aliponiuliza, "Mtani, Kwaresima yenu inaruhusu ya chungwa au ya kola?"

Kazi yenyewe aliifanya kwa moyo. Alitoa matairi ya mbele, akachomoa ekseli, akateremsha difu. Akatoboa tundu dogo kwenye nyumba ya difu kupitisha kibomba cha upepo, na kila aliposhika drili mimi nilishika moyo. Halafu akapaka rangi kwenye meno ya difu, akazungusha kwa mkono, akachungulia rangi imefutika wapi, ndiyo ajue meno yanagusana vipi. Haikumridhisha. Akafungua, akaweka kipande chembamba cha bati la kupunguzia nafasi, akarudia. Alirudia mara nyingi mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake.

Kosa langu ni moja. Nilikuwa nimeangalia video nyingi za mtandaoni kuhusu loki, kwa hiyo kila alichoniambia nilijibu, "Najua."

Alisema kompresa haitaki kuachwa inafanya kazi muda mrefu. Najua.

Alisema loki ya mbele ikiwa imekamata usukani unakuwa mgumu, usikate kona. Najua.

Alisema vile vifuniko vya kwenye vitovu vya tairi za mbele, vilivyokuwa vimeganda kwa kutu tangu nanunua gari, amevifungua, ameviosha, ameviweka grisi, sasa vinazunguka. Najua.

Hilo la mwisho, wakuu, sikulijua hata kidogo. Lishikeni.

Siku ya pili, gari bado liko juu ya mawe, difu iko mezani, simu ikalia. Mke wangu. Mjomba Maganga amefariki. Alikula chakula cha mchana, akasema anapumzika kidogo, basi.

Nilikaa kwenye ndoo ya oil. Sikulia, lakini nilikaa.

Mke wangu na watoto wakapanda basi jioni ileile. Tatizo likawa mama. Mama alikuwa kwangu Tabora, ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, na bandeji ya mwisho alitakiwa kubadilishwa asubuhi ya siku ya maziko. Daktari alisisitiza: asiiname, asinyeshewe, asitembee umbali mrefu, tope lisimfikie usoni. Basi la kumwacha barabara kuu halimfai. Ni gari langu tu.

Na yule ndiye kaka yake pekee aliyebaki. Kwao walizaliwa saba, walikuwa wamebaki wawili, na mmoja ndiye huyu amelala. Ukoo ukasema maziko ni saa tisa, watamngoja mama atupe udongo, lakini kwa joto lile mwisho ni saa kumi. Baada ya hapo wanazika, hata kama hajafika.

Nilimwambia Fundi Kondo. Utani ukakatika palepale. Hakusema "pole" mara mbili, alirudi chini ya gari. Alimaliza karibu na saa ya kufuturu, midomo imekauka.

Tukajaribu gari kwenye shimo la matope jirani na gereji. Mimi kwenye usukani, yeye nje, akainama kwenye tairi za mbele akafanya mambo yake, akapiga kelele, "Bonyeza!" Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Gari likatoka shimoni limenyooka, kwa adabu. Akainama tena kwenye tairi za mbele, akanyanyuka, akanipa ufunguo.

Asubuhi nimemtoa mama hospitali, jicho moja limefungwa bandeji mpya. Tukapita gereji, Fundi Kondo akaja dirishani kumpa mama pole. Alimwamkia shikamoo, akampa pole ya msiba, halafu akanigeukia mimi.

"Mtani, sikiliza vizuri. Ukifika kwenye tope, funga mbele kwanza, ndiyo ufunge mbele. Usifunge mbele kabla hujafunga mbele."

Nikacheka. Nikajua utani umerudi.

"Nimeelewa."

"Umeelewa?"

"Najua, fundi."

Tukaondoka. Mama kiti cha nyuma, amejitanda khanga mbili, Biblia mapajani. Mimi kioo cha ndani nimekigeuzia juu ili nisimwone, heshima. Tabora mpaka Nzega, Nzega mpaka Igunga, lami tupu, na neno halikutoka ndani ya lile gari. Paka tulimwacha nyumbani.

Tulipoacha lami, mama akaanza kuongea. Alikuwa haongei na mimi. Alikuwa anaongea na marehemu.

"Kaka, nimeshaingia njia ya kwetu. Usinikimbie."

Taratibu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. Akamwambia habari za jicho. Akamwambia mvua ya Tabora mwaka huu. Mimi naendesha.

Tukapita Choma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tukafika kwenye mbuga ileile ya mwaka jana, saa nane kasoro. Kijijini kumebaki mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwa mtu mwenye macho mawili na ruhusa ya daktari.

Nikasimama kabla ya tope. Nikaweka four wheel. Nikabonyeza swichi ya nyuma, taa ikawaka. Nikabonyeza ya mbele, kompresa ikakoroma, taa ya kijani ikawaka. Nikajiona mwanaume.

Nikaingia.

Wakuu, sikufika hata pale nilipokwama mwaka jana. Nilikwama kabla.

Matairi ya nyuma yakachimba, gari likakaa kwa matako kama mbuzi aliyekataa kwenda mnadani. Nikakanyaga, linazidi kushuka. Nikazima swichi nikawasha tena, taa inawaka vizuri kabisa. Nikashuka nikakata matawi, nikayasukuma chini ya matairi ya nyuma. Yakamezwa.

Nikapanda juu ya boneti kutafuta mtandao. Nikapata kamstari kamoja. Nikampigia Fundi Kondo, nikaweka spika ili nishike simu juu.

"Fundi, nimekwama."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Umefunga zote?"

"Zote. Nyuma nimefunga, mbele nimefunga."

"Mbele umefunga kabla ya kufunga mbele?"

Hapo nikapandisha hasira. "Fundi, acha utani, niko na mama na maiti inangoja. Nakwambia mbele nimefunga! Taa inawaka!"

Kwa sauti ya mtu aliyeumia akasema, "Kama umefunga, mtani, na haivuti, basi kazi yangu imekufa. Nisamehe. Nisamehe sana."

Mtandao ukakatika.

Nikashuka kwenye boneti. Saa nane na nusu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaangalia chini, nikasema, "Mama, naomba unisamehe. Nitakwenda mbio kutafuta ng'ombe."

Nilipolitamka neno ng'ombe, sauti ilinikatika. Mjomba hayupo, na ng'ombe wake ndio hao tena.

Mama alikuwa anaangalia dirisha la upande wa pili, kwa lile jicho lake moja. Akasema:

"Kaka Maganga, unamsikia huyu? Wewe ndiye uliyenifundisha kulima kwa ng'ombe, nikiwa msichana. Ulisema ng'ombe wanafungwa mara mbili. Unafunga nira, ili wawili wavute pamoja. Halafu unafunga mnyororo, ili nira ishike jembe. Ukifunga nira ukasahau mnyororo, ng'ombe wanakwenda zao, jembe linabaki."

Mimi nimesimama, mguu mmoja umezama.

"Yule fundi asubuhi alisema mbele afunge mara mbili. Mimi nilisikia. Huyu amefunga nira. Taa inawaka, sawa, nira imefungwa. Mwambie aangalie mnyororo."



Vile vifuniko!

Kwenye kitovu cha kila tairi la mbele, gari hizi zina kifuniko cha mviringo cha kuzungusha kwa mkono. Kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa LOCK, tairi linashikana na ekseli. Kikiwa FREE, tairi linajizungukia tu, hata difu ifanye maajabu gani huko ndani. Vya kwangu viliganda kwenye LOCK miaka yote, kwa hiyo sikuwahi kuvigusa wala kujua kazi yake. Fundi Kondo alivilainisha, akavifunga kwa ajili ya jaribio, halafu akavirudisha FREE kwa sababu ya lami. Ndiyo yale mambo yake aliyokuwa anainama kufanya.

Funga mbele kwanza, ndiyo ufunge mbele. Haukuwa utani. Alikuwa ananipa maelekezo kamili, kwa Kiswahili fasaha, na lugha yetu imejaaliwa neno moja la kufunga difu, kufunga vifuniko, kufunga loki, kufunga ng'ombe, kufunga jicho na kufunga Ramadhani. Yeye alimaanisha viwili, vifuniko na loki. Mimi nikasikia kimoja.

Nikalala kifudifudi kwenye tope, na shati la msiba. Nikafukua kwa mikono mpaka nikakipata cha kushoto. FREE. Nikazungusha. Kikaenda LOCK laini kabisa, kwa grisi ya mtu mwenye swaumu. Nikazunguka upande wa kulia, nikafukua. FREE. Nikazungusha.

Nikarudi ndani, natiririka. Nikaweka gia ndogo, nikaachia klachi taratibu.

Mbele kukanyanyuka. Niliyasikia matairi ya mbele yakikamata, yote mawili, kwa pamoja. Gari likatambaa, halikukurupuka. Likajitoa, likapita pale tulipokwama mwaka jana, likaendelea. Nyuma yangu nikasikia mama akisema kwa sauti ndogo, "Mayo, mama wee! Kaka, tunakuja."

Mwisho wa mbuga tukawakuta watoto wawili wa marehemu, watu wazima wenye familia zao, wamesimama na ng'ombe wanne, mnyororo begani. Nikateremsha kioo.

"Mmejuaje?"

Mkubwa akasema, "Hatukujua, shemeji. Baba alituachia neno. Alisema siku yoyote ya mvua mkisikia mkwe yuko njiani, pelekeni ng'ombe mbugani, msingoje atume mtu."

Wakanifuata nyuma, mnyororo haujashika kitu.

Msidhani heshima ilidumu. Kuingia uwanjani, watu wote wamekaa, jeneza liko nje, mimi nikakata kona kwenda kupaki chini ya kivuli. Nimesahau loki ya mbele bado imekamata. Usukani ukagoma. Navuta kulia, gari linakwenda mbele tu, polepole, heshima zote, mpaka likasukuma miti ya zizi la marehemu likasimama. Bampa ndani, ng'ombe wanalitazama.

Shangazi mmoja mzee akasema kwa nguvu:

"Karibu mkwe! Kumbe umeleta na nyongeza ya mahari!"

Watu walicheka wamejiziba na khanga zao. Mjane wa marehemu alicheka. Nami nilicheka, machozi yananitoka, na sikujua ni ya lipi.

Saa tisa na nusu tukamzika. Mama alipewa udongo mkononi, kwa sababu haruhusiwi kuinama. Aliushika kwa muda mrefu. Halafu akautupa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia:

"Kaka, mkweo amefika. Hakuvutwa."

Basi. Jina likaishia pale, kaburini. Hakuna aliyeniita tena Mkwe wa Kuvutwa, na wakuu, siwafichi, siku tatu za matanga nilikuwa namsubiri mtu aniite.

Nilimpigia Fundi Kondo jioni ileile, akiwa anafuturu. Nikamwambia kazi yake ni nzima, mjinga ni mimi. Akatafuna tende, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa mpagazi, soda ya Kwaresima utainywa lini hadharani?"

Siku ya kurudi tulikuwa mimi, mama, na mke wangu mbele, watoto wamelala. Tukavuka mbuga bila shida. Tulipokaribia lami ya Igunga, sauti ikatoka kiti cha nyuma.

"Baba Neema."

Mke wangu akageuka kupokea ujumbe kama kawaida yake. Mama akatikisa kichwa. Hakuwa anamsemesha yeye.

"Baba Neema, umefungua?"

Miaka kumi na moja, wakuu. Nikaweka gari pembeni, nikashuka, nikainama kwenye tairi la kushoto, nikazungusha kifuniko. Nikaenda la kulia. Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

"Nimefungua, mama," nikasema.

"Haya. Twende."

Nilichojifunza: ukifunga kifaa kwenye gari, shuka ukashike kwa mkono kila kinachofungwa, usiridhike na taa ya kijani. Fundi akirudia neno mara mbili, muulize la pili lina maana gani. Na neno "najua" litumie kwa uangalifu, kwangu lilinigharimu shati na miti minne ya zizi.

Wenye mkonga, vifuniko vyenu viko wapi sasa hivi, FREE au LOCK? Nendeni mkaangalie kwanza ndiyo mje mcomment. Na wale ambao mama mkwe amewahi kuwasemesha, elezeni ilikuwaje, maana mimi bado sijajua nijibu nini akinisemesha mara ya pili.